Wasichana watatu, wazee sita: nimpeleke mama?

"Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 76. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na tangu hapo amekuwa mtu wa kusahau. Ana presha na kisukari, anatumia vidonge. Mwezi uliopita alianguka alfajiri akienda kutawadha, bahati nzuri hakuvunjika. Naishi naye Tabata, kazini natoka saa kumi na mbili jioni, na dada wa kazi ameondoka. Nimepata nyumba ya kulelea wazee huko Goba, inaendeshwa na mama mmoja aliyekuwa muuguzi. Wapo wazee sita na wasichana watatu wanaolala hapohapo. Ni pasafi, sakafu ya marumaru inang'aa, kuna televisheni kubwa na bustani. Bei ni laki nane kwa mwezi, dawa na pampasi juu yetu. Kaka yangu aliyeko Mwanza anasema nataka kumtupa mama. Nitajuaje kama pale ni pazuri na ni salama?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

La kaka yako tulipitie upesi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa mlezi wa kwanza wa mzee, na kumpeleka mzee kwenye makazi ikakuweka mwisho, pale njia nyingine zinaposhindikana. Kwa hiyo hajasema jambo la ajabu. Ila yeye naye ni familia. Ama aje Tabata akae na mama wewe ukiwa kazini, ama achangie hizo laki nane. Nimekaa wodini miaka mingi, na waliokuwa na sauti kubwa kuhusu "kutupa wazazi" mara nyingi walikuwa wale tuliowaona siku ya mgonjwa kuruhusiwa tu. Basi, hilo limekwisha. Na usihangaike kwenda Nunge kule Kigamboni, maana makazi yale ya serikali ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza. Mama yako anao.

Sasa Goba. Umenisifia usafi, marumaru, televisheni na bustani. Vyote hivyo ni vitu vya mchana, tena vya sebuleni. Mawili yaliyonishtua umeyaandika kwa kupita: wale wasichana watatu, na ile alfajiri.

Tuanze na wasichana, tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Tuseme wazee sita, na baadhi yao hawajiwezi, wanahitaji watu wawili mchana na mmoja usiku aliye macho. Mchana wa saa 12, watu wawili, siku saba: saa 168. Usiku wa saa 12, mtu mmoja, siku saba: saa 84. Jumla 252. Gawa kwa 45 utapata watano na nusu na ushee, yaani watu sita. Wao wana watatu. Saa zile zile ukiwagawia watatu, kila mmoja anabeba 84 kwa wiki, bila siku ya mapumziko, bila msiba kwao, bila malaria. Hakuna binadamu anayeweza hivyo mwaka mzima. Kinachotokea kwa kweli ni kwamba usiku wote watatu wanalala, na wana haki ya kulala kwa sababu tangu alfajiri wamefua, wamepika, wameogesha na kulisha. Ukiambiwa "wanalala hapohapo" ujue neno lenyewe ndilo hilo: wanalala.

Mwenye nyumba si lazima awe mwizi. Laki nane mara sita ni milioni nne na laki nane. Humo atoe kodi ya nyumba, chakula cha watu kumi, LUKU, maji, mishahara, na yeye ale. Bei ile inanunua wasichana watatu. Ndiyo maana mimi sijali sana nyumba kuwa ya bei rahisi au ya bei ghali, najali pesa ile imeajiri watu wangapi. Nimeona nyumba za bei ya juu zilizoweka pesa kwenye makochi.

Usiku ndio ninaoutazama zaidi, na nina sababu. Miaka ya nyuma familia moja iliniomba nikaiangalie nyumba waliyompeleka baba yao. Mchana niliikuta safi, wazee wameoga, wamepakwa mafuta, wamekaa kama wanaosubiri mgeni rasmi. Nikarudi siku nyingine saa tatu usiku, nikijidai nimesahau miwani. Niligonga geti kama dakika kumi na tano. Kufunguliwa, nikakuta mlango wa nondo wa nyumba kubwa umefungwa kwa kufuli kwa nje, na funguo iko kwa binti aliyekuwa amelala banda la uani. Ndani mzee mmoja yuko sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, na hakuna aliyejua yuko pale tangu saa ngapi. Mchana ule hakuna alichonionyesha mwenye nyumba ambacho kilikuwa cha uongo.

Sisi Dar tunaogopa wezi, tunaziba kila dirisha kwa nondo na kila mlango kwa kufuli. Kwa kijana ni usumbufu tu. Kwa mzee asiyeweza kutembea, mtungi wa gesi ukishika moto jikoni, zile nondo zinamzuia kutoka. Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba kama pana usalama wa moto, atakujibu ndiyo. Mwambie binti wa zamu: "Tuseme moto umeanza jikoni saa nane usiku. Nionyeshe mnavyotoka." Kisha utulie umwangalie. Akienda moja kwa moja penye funguo, akafungua mlango wa nyuma, akakueleza nani anaanza kutolewa na anabebwa vipi, moyo wako utulie kidogo. Akianza kuita "Fulani, funguo ya huku uliweka wapi?", umeshapata jibu. Angalia pia kama mtungi wa gesi uko nje ya nyumba au umekaa kando ya jiko, kama kuna mtungi wa kuzimia moto na mshale wake uko kwenye kijani, na kama namba ya Zimamoto, 114, wanaijua kwa kichwa.

Ile alfajiri sasa. Mama yako ni mtu wa swala, na kusahau kote hakujamfuta saa yake ya kuamka. Ataamka saa kumi na moja kasoro akiwa Goba vilevile kama anavyoamka Tabata, na mguu wa kushoto haumtii. Wengi wenye ugonjwa wa kusahau hubadilika giza linapoingia: wanatangatanga, wanataka "kwenda nyumbani", wanaamka mara nne kwenda chooni. Wazee huanguka sana katika ile safari ya kitandani kwenda chooni, gizani, kwenye sakafu yenye maji. Marumaru inayong'aa uliyoipenda ndiyo hiyo inayoteleza. Ipige maji kidogo, simama juu yake na soksi, utanielewa. Uliza anayetaka kutawadha alfajiri anasaidiwa na nani. Chooni tafuta vishikio vilivyofungwa ukutani kwa skrubu, uvivute kwa nguvu zako zote. Choo kiwe cha kukaa. Kitanda kiwe kifupi, nyayo zake zifike chini akikaa. Pawe na taa ndogo inayowaka usiku kucha, na ya kuchaji kwa siku umeme unapokatika. Nyonga ikivunjika katika umri ule, hata akipasuliwa vizuri MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Na kisukari kina usiku wake. Uliza vidonge vyake ni vipi. Akiwa anatumia glibenclamide au dawa za kundi lake, halafu jioni akala vijiko viwili vya uji akakataa, sukari inaweza kushuka akiwa usingizini. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kwa mzee ambaye tayari anasahau, binti aliyeamshwa usingizini atasema "bibi kaanza tena". Lazima awepo mtu mwenye kipimo cha sukari anayejua kwamba chini ya 4 (mmol/L) ni hatari, ampe maji ya sukari kama anameza, na kama hamezi asimmiminie chochote mdomoni bali amkimbize hospitali. Muulize binti, siyo bosi wake: "Mzee wa kisukari akikataa chakula cha jioni, dawa unampa?" Jibu zuri ni kwamba hampi kabla ya kumpigia muuguzi. Jibu baya ni "tunampa tu, ameandikiwa."

Dawa zenyewe omba uone zinavyotunzwa. Kila mzee na boksi lake lenye jina, na daftari ambalo anayetoa dawa anaweka saini kwa saa aliyotoa. Fungua kurasa za nyuma. Ukikuta mwezi mzima umejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata siku moja ya "amekataa" au "ametapika", limejazwa siku moja kwa ajili ya wageni kama wewe.

Hapa nikuonye kitu kisichosemwa. Ukifika saa nne asubuhi ukakuta wazee wote wamesinzia vichwa vifuani, usiseme "wametulia". Mzee mmoja kusinzia ni kawaida, wote sita siyo. Kuna nyumba zinazowapa wazee dawa za usingizi ili wafanyakazi wachache waweze kupumua. Mzee aliyelazwa kwa dawa hali vizuri, hanywi maji, anaanguka zaidi, anapaliwa. Uliza kwa majina ni nani anatumia diazepam au haloperidol na ni daktari gani aliandika. Tazama na viti. Kanga iliyozungushwa kiunoni mwa bibi na kufungwa nyuma ya kiti watakwambia ni ya kumzuia asianguke. Ni kamba, mwanangu, hata ikiwa na maua.

Katika wale sita, mtafute aliye dhaifu kuliko wote, wa kulala tu. Bibi anayetembea na kucheka na wageni atakuwa salama karibu popote. Yule wa kitandani ndiye anayeonyesha nyumba ilivyo, na ndivyo mama yako anavyoweza kuwa kiharusi kikirudi. Omba radhi, msalimie, mshike mkono. Midomo imepasuka? Kikombe cha maji kiko karibu au kiko dirishani? Joto la Dar kati ya Desemba na Machi linamkausha mzee upesi, na wengi hawahisi kiu. Ukiruhusiwa na ndugu zake, tazama visigino na sehemu ya juu ya makalio. Asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, la sivyo ngozi inakufa. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pakiwa na moto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Mwenye nyumba akikwambia "kidonda alikuja nacho", inawezekana kabisa. Mwombe tarehe aliyokuja na maelezo ya ngozi yake siku hiyo. Nyumba inayojua kazi yake huandika.

Fika na wakati wa kula. Wanaolishwa wawe wameketi wima, wapewe kijiko kidogo, wasubiriwe wameze, kisha wabaki wamekaa kama nusu saa. Aliyepooza upande mmoja hupaliwa kirahisi, uji ukienda njia ya mapafu anapata nimonia. Nikimwona binti amesimama na bakuli akimlisha mzee aliyelala chali huku macho yako kwenye tamthilia, nachukua pochi yangu naondoka. Uliza pia kama wanawapima uzito. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo tatu ndani ya mwezi, kuna tatizo linalohitaji daktari, lakini bila mizani utakuja kuliona kwenye gauni siku ya sikukuu.

Usiku huohuo mzee akizidiwa, anapelekwa na nini? Usikubali "tunapiga simu". Dereva ni nani, analala wapi, njia ya kutoka pale hadi lami inapitika mvua za masika zikikolea? Goba ina milima na makorongo, siyo kila gari linapanda. Wanakwenda hospitali gani, Mloganzila au Mwananyamala, na kwa nini? Kiharusi kikirudi, dawa ya kuyeyusha donge la damu, pale inapopatikana na mgonjwa anapofaa kupewa, hutakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Waliolala hadi saa kumi na mbili asubuhi wameshaipoteza nafasi hiyo.

Karatasi sasa, kwa ufupi. Leseni ya mwenye nyumba itokane na Baraza la Uuguzi na Ukunga na iwe hai. Nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Manispaa ya Ubungo, uliza kama wanaifahamu nyumba ile na waliikagua lini. Pitia serikali ya mtaa. Mtendaji atakupa barua na maneno, na majirani watakupa mengi zaidi bure. Mkataba usome kwenye vifungu vya pesa: mama akilazwa wiki mbili mnadaiwa? Mkiondoka katikati ya mwezi? Nani anaamua apelekwe hospitali ninyi mkiwa hampatikani? Kadi ya benki ya mama, hati ya kiwanja, kitambulisho chake cha NIDA, vyote vibaki kwenu. Mpe mwenye nyumba nakala ya kadi ya bima na orodha ya dawa. Mzee anayesahau asiachwe peke yake na mtu na karatasi ya kusaini, hata kama mtu huyo ni ndugu. Hasa ndugu.

Ongea na wale wasichana bila bosi wao kuwepo. Wasaidie kuanika nguo, uulize taratibu: umekaa hapa muda gani, kabla yako alikuwepo nani, mshahara wa mwezi uliopita umetoka? Nyumba ambayo binti wa siku nyingi ana miezi miwili kazini inafukuza watu kwa namna fulani. Asiyelipwa hatamwamkia mama yako saa nane usiku kwa uso mkunjufu, na simlaumu.

Ukiambiwa wageni ni Jumamosi saa nane hadi saa kumi tu, usiendelee kusoma mkataba. Wawe na daftari la wageni, wakuombe usije wakati wa kuogesha, hayo ni sawa. Lakini mlango usiofunguliwa kwa mtoto wa mzee Jumanne saa moja usiku una sababu, na mimi sijawahi kukutana na sababu nzuri.

Nikupe uamuzi wangu juu ya Goba kwa jinsi ulivyoielezea: bado. Rudi Jumapili baada ya magharibi, bila kupiga simu. Fanya niliyokueleza. Ukiridhika na mengine yote, kaa na yule mama mwambie wazi kwamba unataka mtu wa nne ambaye kazi yake ni usiku tu, mchana alale. Watu sita wa ile hesabu yangu ndio wanaotakiwa, lakini huyu mmoja anaanza kuziba pengo kubwa. Zungumza na familia za wale wazee wengine. Ongezeko la mshahara mmoja likigawanywa kwa sita si kubwa. Muuguzi wa kweli atafurahi kwamba kuna ndugu aliyelisema, kwa sababu yeye mwenyewe anajua. Akikasirika, akakwambia "hapa hatujawahi kupata tatizo", tafuta kwingine, au piga hesabu ya laki nane hizo kwa wasaidizi wawili wa kupokezana hapo kwenu Tabata. Kwa miezi michache inaweza kutosha.

Akikubali, anzeni kwa majuma mawili ya majaribio, na mama aambiwe anakwenda wapi. Asidanganywe kwamba mnakwenda kumtembelea shangazi. Atasahau ulichomwambia, lakini kule kushtuka kwamba amedanganywa hubaki mwilini. Mtu mmoja wenu afike kila siku, saa tofauti, na wa kwanza kwenye zamu awe huyo wa Mwanza, aombe likizo.

Wakati hayo yanaendelea, mama bado yuko Tabata na alfajiri ni kesho. Leo jioni toa zulia lililo kati ya kitanda chake na choo. Weka taa ya kuchaji sakafuni, karibu na mlango. Mwekee kiti imara, ndoo ndogo na kopo pembeni mwa kitanda ili atawadhe amekaa, na upande wa kuume, ule wenye nguvu, ndio uwe upande wake wa kushukia. Simu yako itegee saa kumi na nusu.